Kijani Ulichoniandikia

Kamwokya, Kampala
Jumatatu, 3 Juni 2024

Kaka Okwir,

Ukifungua boksi hili usianze kusoma. Toa vitu vyote kwanza, uviweke kwenye friji. Friji, nimesema, si friza, ukivigandisha umeviua. Halafu ndiyo urudi uketi na barua. Nakujua wewe, utasimama hapo unasoma huku barafu inakuyeyukia miguuni.

Umemaliza? Haya, salamu. Mimi mzima, mama mzima ila goti, na Kamwokya ni ile ile. Jirani amenunua spika mpya, mtaa mzima tumekoma.

Nilijaribu kukueleza kwa simu, lakini sisi wawili kwa simu tunaishia kuulizana kama mvua imenyesha. Kwa hiyo naandika. Maabara yetu imeanza kutengeneza seti za kufundishia sekondari, zile ambazo mpaka sasa shule ilibidi iziagize ng'ambo. Ndani kuna kisahani cha bakteria wasio na madhara, kijichupa cha plasmidi, visahani vitupu vyenye chakula chao na dawa inayomuua asiyepokea plasmidi, na tochi ya buluu. Plasmidi, waambie wanafunzi, ni kipande kidogo cha DNA kilichofungwa duara, kimebeba maagizo ya kuihimili dawa hiyo na ya kutengeneza protini moja ya rangi. Hii yetu asili yake ni yavuyavu, yule mnyama laini wa baharini. Bakteria akiipokea, ukimmulika anang'aa kijani.

Ila kupokea hapokei hivi hivi. Unamkalisha kwenye barafu, unamchovya kwenye maji ya nyuzi arobaini na mbili kwa sekunde hamsini, unamrudisha kwenye barafu. Huo mshtuko ndio unaomfungua. Mama alinisikiliza akasema ni kama kumshtua mtu mwenye kwikwi. Baada ya hapo visahani vinakaa mahali pa joto siku nzima au mbili.

Wewe ndiye wa kwanza nje ya Kampala. Bosi wangu, Daktari Esperance, amesema ikifanya kazi kwa mwalimu mwenye friji ya jikoni na jiko la mkaa, itakwenda shule arobaini. Ikikataa, tunarudi mezani. Kwa hiyo lolote litakalotokea, niandikie hilo hilo.

Mama anakusalimu. Kila nikitaja jina lako anasema, "Yule aliyemshika Huzaifa mkono." Aprili imetimia miaka saba tangu kaka yangu afie huko Lira wewe ukiwa pembeni yake, na bado kila Ijumaa akimaliza kuswali anayarudia maneno uliyotuletea: kwamba alitamka shahada yake vizuri, akasema mama mpendwa nisamehe, akalala. Anasema bila maneno hayo asingepata usingizi. Na wewe miaka yote saba hujakanyaga kwetu. Kila likizo una mitihani ya kusahihisha, sijui unafundisha shule ngapi.

Boksi lirudi na basi la Jumamosi, na barua ndani. Boksi tupu silipokei.

Zulaikha Kamis


Lira
Jumamosi, 8 Juni 2024

Dada Zulaikha,

Mimi na wanafunzi wangu tu wazima, na ni tumaini langu kwamba hali ni hiyo hiyo kwako na kwa Mama.

Boksi lilifika Jumanne saa nne asubuhi, barafu ikiwa bado ngumu. Nimefuata maagizo yako yote kwa mpangilio wake, isipokuwa la kwanza. Nilisoma barua kwanza. Naomba radhi.

Jumatano tulifanya jaribio jikoni mwa shule, baada ya wapishi kumaliza kusonga posho. Wanafunzi ni kumi na wanane wa kidato cha tano. Maji ya nyuzi arobaini na mbili tuliyapata kwa kuchanganya ya moto na ya baridi kwenye chupa ya chai. Sekunde hamsini alizihesabu Acayo, msichana anayekaa mbele na ambaye hakubali jambo mpaka aonyeshwe. Mahali pa joto palitusumbua. Mmoja alipendekeza tuviweke visahani chini ya kuku wa mpishi anayeatamia, na kusema kweli joto lake linakaribia lile unalolitaka, lakini nilikataa kwa heshima ya kuku. Tulitumia kabati dogo lenye balbu ya zamani ndani, na kipimajoto kikining'inia kwa kamba ya kiatu changu.

Matokeo: Ijumaa tulifungua, na visahani viling'aa kijani. Wanafunzi walifurahi. Unaweza kumwambia Daktari Esperance kwamba seti inafanya kazi. Hongera sana, umestahili.

Uliyoyaandika kuhusu Mama nimeyasoma. Msalimie. Shukrani zake ni nyingi mno kwa mtu kama mimi.

Wako,
Okwir Jasper


Kamwokya, Kampala
Jumanne, 11 Juni 2024

Kaka Okwir, kaka Okwir,

Nimecheza. Nimecheza katikati ya maabara nikiwa na glavu mkononi, na Daktari Esperance, ambaye hacheki mpaka mwisho wa mwezi, amecheka. Mama ametuma mtu Ggaba kule ziwani kuleta sangara, samaki wa kututosha watatu, halafu akakumbuka tuko wawili. Kipande cha tatu tulikiita chako, tukakila.

Ila wewe ni mwandishi gani? "Viling'aa kijani." Unaandika kama unamripotia afande kuhusu wizi wa baiskeli. Hiyo ni damu ya marehemu baba yako, najua, mimi na wewe tumekulia kambi moja ya polisi pale Naguru na hata salamu za baba yako zilikuwa na tarehe. Lakini Daktari anataka barua yako iambatane na seti zote arobaini, ili walimu wengine wapate moyo. Anataka madoa ya bakteria kwenye kisahani yalikuwa mangapi. Anataka kijani gani, cha kupauka au cha kukolea. Mimi nataka zaidi yake. Nataka unieleze sura za watoto mlipozima taa. Niandikie kama vile mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Miaka miwili nimekaa na plasmidi hii na sijawahi kumwona mtu mwingine akiiona kwa mara ya kwanza.

Jumapili ni Idd. Ningependa nimsomee mama mezani.

Zulaikha


Lira
Jumamosi, 15 Juni 2024

Dada Zulaikha,

Umeomba, na mimi kukukatalia siwezi. Nitajaribu.

Madoa yalikuwa thelathini na moja.

Tulifunga madirisha ya jiko kwa magunia. Wanafunzi walikuwa wakisukumana na kucheka, mpaka nilipowasha tochi yako ya buluu, wakanyamaza wote kwa pamoja. Kijani chake hakikuwa cha kupauka. Kilikuwa kile cha mtama mchanga asubuhi baada ya mvua, pale ambapo jani linaonekana kama lina taa yake ndani. Acayo aliinamisha uso mpaka pumzi yake ikaweka ukungu kwenye kifuniko. Akauliza kama bakteria wenyewe wanajua wanang'aa. Nikamwambia hawajui. Akasema basi ni heri sisi tunajua kwa niaba yao. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kutoka nje. Mpishi aliyekuja kuchukua sufuria yake alisimama mlangoni kama ulivyosema wewe ungesimama, akashika kifua.

Nilitamani ungekuwepo. Hilo naliandika bila kuombwa.

Idd njema kwako na kwa Mama.

Okwir


Kamwokya, Kampala
Alhamisi, 20 Juni 2024

Okwir,

Leo sikuiti kaka. Nikimaliza barua nitaona.

Vijichupa vyangu vyote vinafanana, na wino unafutika kwenye barafu, kwa hiyo mimi huvifunga uzi shingoni, ule ule mama anaosukia trei zake. Uzi wa kijani kwa plasmidi ya kijani. Uzi mwekundu kwa plasmidi nyekundu, maana tunayo ya pili, ya protini inayotoka kwenye matumbawe, ambayo bado hatujaipeleka popote. Wiki ya boksi lako mama alikuwa amemaliza uzi wa kijani. Nikakifunga kijichupa chako uzi mwekundu, nikajiambia nitakumbuka. Kampala nzima hakuna mwingine ambaye angefanya kosa hili, nalikubali kabisa.

Jumatatu nikifungasha seti za zile shule arobaini, nikakuta kwenye friji kijichupa kimoja chenye uzi mwekundu. Kimoja tu, na vilikuwa viwili. Nikakijaribu. Leo asubuhi kimeng'aa kijani.

Kwa hiyo wewe nilikupelekea chekundu. Hicho hakihitaji tochi wala magunia dirishani. Kikifanya kazi, madoa yanakuwa mekundu mchana kweupe, unayaona ukiwa mlangoni. Kijani hakiwezi kutokea. Hata doa moja, hata kwa bahati.

Basi huo mtama wako baada ya mvua uliuona wapi?

Nimekasirika. Kosa la uzi ni langu, na kama ungeniandikia tu kwamba hujaona kijani, ningelijua siku ile ile. Badala yake nilikuwa nakaribia kuzipelekea shule arobaini barua ya uongo mzuri. Niliisoma mezani siku ya Idd. Mama aliniomba nirudie pale pa Acayo.

Lakini linaloniuma ni jingine, na nimelizunguka tangu Jumatatu nilipoanza kushuku, kabla ya kushika kalamu. Barua ile ilikuwa nzuri mno. Kila kitu kilikuwa mahali pake, kila mtu alisema neno lililofaa. Nikajiuliza ni wapi nimewahi kupewa jambo zuri namna hiyo. Nikakumbuka. Ni wewe, umeshuka kwenye gari lililoleta mwili, umesimama mlangoni petu, unampa mama maneno ya mwisho ya mwanawe. Shahada. Mama mpendwa. Nisamehe. Akalala.

Okwir, na hayo nayo uliyatoa wapi?

Kama ni kweli niambie ni kweli, nami nitakuomba msamaha kwa magoti. Mama sijamwambia kitu. Ijumaa ni kesho na najua atayarudia, na mimi nitakaa pale nikimsikiliza.

Zulaikha


Lira
Jumapili, 23 Juni 2024

Zulaikha,

Ripoti hii ni ya kweli.

Ijumaa tarehe 7 saa tisa alasiri tulifungua kabati. Kisahani chenye plasmidi kilikuwa na madoa mekundu. Nilimulika tochi yako, hakuna kijani. Mimi nikadhani najua sababu. Kuna bakteria mwekundu anayeota kwenye mkate wenye unyevu na kwenye kuta za bafu, na nikasema ndiye ameingia, kwa uchafu wa mikono yangu na jiko letu. Acayo akasema, "Lakini mwalimu, kisahani kisicho na plasmidi hakina kitu. Uchafu ungechaguaje kimoja?" Lilikuwa swali sahihi kuliko yote niliyowahi kuulizwa darasani. Nilimwambia anyamaze. Nikavimiminia jiki vyote, nikavichoma.

Halafu nikakaa kukuandikia ukweli na nikashindwa. Nilikuona umesimama mbele ya bosi wako unaambiwa miaka yako miwili imekwama kwa sababu ya mwalimu mmoja wa Lira asiyejua kunawa. Sikutaka uumie. Na la pili sitakuficha: niliogopa boksi halitarudi tena. Nilikuwa na barua yako moja tu, na tayari nilikuwa nangojea ya pili.

Yale maneno ya Acayo kuhusu kujua kwa niaba yao ni yangu, yeye hawezi kusema upuuzi huo. Mpishi hakushika kifua, alitaka sufuria yake. Thelathini na moja peke yake ndiyo iliyokuwa kweli katika barua nzima. Acayo aliyahesabu na kuyaandika kwenye daftari lake, "mekundu 31," na nilipomwambia aache nafasi wazi alikataa. Nimeikata karatasi hiyo kwa ruhusa yake na ninaiambatanisha. Jana nilisimama mbele ya darasa nikaomba radhi, kwake na kwa wote.

Naomba na kwako.

Okwir Jasper


Kamwokya, Kampala
Alhamisi, 27 Juni 2024

Kaka Okwir,

Nimekurudishia ukaka, uutunze.

Karatasi ya Acayo nimeiweka mbele ya Daktari pamoja na habari ya uzi wangu. Alinikemea robo saa, kwa haki yake, kisha akatulia. Akasema mtoto wa kidato cha tano jikoni mwa shule ametuthibitishia plasmidi nyekundu ambayo sisi wenyewe tulikuwa tunaiogopa. Shule arobaini zitapata zote mbili, na karatasi itakayokwenda nazo ni ya Acayo. Nimenunua kalamu isiyofutika.

Hayo ya seti yamekwisha. Nimekusamehe, na nilipofika pale pa kungojea barua ya pili niliinuka nikatembea kidogo.

Lakini umeandika kurasa mbili na nusu, na swali langu moja hukuligusa. Kunyamaza kwako nimekusikia. Siandiki tena kukuuliza kama ni kweli. Nimeshajua si kweli. Ninachongojea ni kama utaniambia mwenyewe, maana ukiacha hivi, kila neno jema utakaloniambia maisha yangu yote nitaligeuza nyuma kuangalia. Sitaki kuishi hivyo na wewe. Nataka kukuamini, na nataka kwa moyo wangu wote.

Zulaikha


Kamwokya, Kampala
Jumanne, 2 Julai 2024

Boksi limefika jana. Tupu. Nimemuuliza kondakta mara mbili kama hakuna karatasi iliyoanguka, mpaka akanionea huruma.

Nalirudisha leo na barafu mpya, ingawa hakuna kitu cha kupoza.

Z.


Lira
Jumapili, 14 Julai 2024

Zulaikha,

Nimeiandika mara nyingi. Hii naituma bila kuisoma tena.

Sikuwepo.

Huzaifa alilazwa siku kumi na moja. Alinikataza kuwaita, alisema mama atapanda basi na goti lile na atamkuta amevimba, amegeuka manjano. Niliwaambia kwa simu ni malaria kwa sababu yeye ndiye aliyeniagiza. Nililala kwenye mkeka chini ya kitanda chake siku zote hizo, hilo ni kweli. Siku ya mwisho ilikuwa Jumamosi, mchana. Alikuwa ameamka vizuri. Aliongea sana. Niliketi namtazama, na alichoniambia ni hiki, neno kwa neno, kwa sababu sijakisahau hata siku moja: "Okwir, toka hapa ukale. Unanikodolea macho kama mbuzi. Na ukirudi niletee soda ya baridi, si ile ya juzi, ile ilikuwa supu."

Nikaenda. Ng'ambo ya barabara palikuwa na kibanda cha maharage chenye televisheni, na mpira ulikuwa unachezwa. Ningeweza kula na kurudi kwa dakika kumi na tano. Nilikaa nikaangalia kipindi chote cha pili. Niliporudi saa kumi na moja na nusu nikiwa na soda mkononi, muuguzi alikuwa ameshamfunika shuka. Alisema ilikuwa ghafla, wala hakuita mtu.

Njia nzima kuja Kampala nilifikiria nitamwambia nini Mama. Nilikulia nyumba ya tatu kutoka kwenu, nilikuwa nikila kwenu Ramadhani kuliko mlivyokula nyinyi, nilijua mama wa Kiislamu angependa kusikia nini. Nikamtengenezea. Nilidhani atayasikia mara moja, siku ile tu, yamsaidie kufika jioni. Sikujua atayashika miaka saba. Kila nilipotaka kuja kwenu nilijua atanishika mkono na kuniita yule aliyemshika Huzaifa, na mkono huu ulikuwa umeshika kijiko.

Sikuwa na mitihani ya kusahihisha. Nilikuwa naona aibu.

Mwambie Mama au usimwambie, amri ni yako. Ukiona nisikuandikie tena, rudisha boksi tupu nami nitaelewa.

Okwir


Kamwokya, Kampala
Ijumaa, 19 Julai 2024

Okwir wangu,

Barua yako nilikaa nayo siku mbili. Nililia ya kwangu kwanza. Nililia kwa sababu ya Huzaifa, halafu kwa sababu yako na hiyo soda, na sikuweza kuzitenganisha. Niliwaza niyaache maneno yako yaendelee kutusaidia na nimwache mama na usingizi wake. Nilishawishika, sikufichi. Lakini nimekudai ukweli karibu mwezi, nisingeweza kuupokea kisha nikauficha chini ya godoro.

Leo baada ya swala mama aliketi kwenye mkeka wake na trei aliyoanza juzi. Akaanza kama kawaida, "Alitamka shahada yake vizuri." Nikamwambia, mama, subiri. Okwir ameandika. Nikamsomea yote, tangu "sikuwepo" mpaka mwisho. Nilipofika kwenye shuka nilisimama, akaniambia niendelee.

Mikono yake ilisimama. Nikaogopa, nikajiona nimemuua mtoto wake mara ya pili. Kisha akasema nirudie pale alipoongea Huzaifa. Nikarudia. Mbuzi. Supu. Okwir, mama alicheka. Alicheka mpaka akashika ubavu, na akiwa katikati ya kicheko akaanza kulia, na akawa anafanya vyote viwili pamoja, nami sikujua nimshike wapi.

Alipoweza kusema, alisema, "Huyo ndiye mwanangu."

Kisha akaniambia alijua. Tangu siku ile mlangoni. Anasema Huzaifa hakuwahi kumwita mama mpendwa tangu alipojua kusema, alikuwa akimwita Afande Kulusum. Nilimuuliza kwa nini basi ameyabeba maneno yako miaka yote hii. Akasema wewe ulikuwa unatetemeka na ulikuwa umesafiri mbali kumletea kitu, angekukatalia vipi. Alifikiri kuna jambo baya zaidi nyuma yake, kwamba Huzaifa aliteseka, kwamba alimlaumu yeye mama yake, na akaogopa kuuliza. Alichukua ulichompa kwa sababu hakuwa na kingine. Kuhusu shahada anasema hilo Huzaifa amelimaliza na Mola wake, wala halihitaji shahidi kutoka Lira.

Halafu alikasirika. Nimemwona mama akikasirika mara chache, nilirudi nyuma. Akasema, "Siku kumi na moja." Akasema wewe umelala chini ya kitanda cha mwanawe siku kumi na moja, umemsikia akiongea, akilalamika, akicheka, akikutuma soda. Yeye hana hata moja ya siku hizo. Kila alipotaka kukuuliza, yale maneno mazuri yalikuwa yamesimama mlangoni, na wewe ukawa unayakimbia. Amekaa miaka saba na sentensi nne, na kumbe mtoto wake yuko Lira kwa mwalimu, siku kumi na moja nzima, na hakuna aliyemletea.

Haya ndiyo maneno yake, ameniamuru niyaandike anavyoyasema: "Mwambie aje. Aje na basi la kesho, asilete zawadi. Aketi hapa aniambie siku ya kwanza alikula nini, alilalamikia nini, alimtukana nani. Asinipunguzie na asinipambie. Akichoka atalala, akiamka tutaendelea na siku ya pili."

Ametandika kitanda cha Huzaifa. Mimi nakupokea kituoni.

Zulaikha